Tangazo Lililo Ndani ya Programu Yako ni Lako

Hotuba hii niliitoa Nakawa, Kampala, mbele ya wasanidi wa programu za simu wanaozungumza Kiswahili: Waganda wenzangu, pamoja na ndugu zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanaofanya kazi hapa. Wengi walioshindwa kufika waliomba niiandike. Nimeiweka kama nilivyoisema, ila picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo? Poleni na joto.

Nianze kwa kuuliza. Nani hapa amewahi kuamka asubuhi, akafungua barua pepe, akakuta anaambiwa programu yake imeondolewa Play Store? Inueni mikono, msione haya. Naona mmoja, wawili, naona safu nzima ya kushoto. Haya, endeleeni kuinua. Sasa, ambaye kosa lilikuwa kwenye msimbo alioandika mwenyewe kwa mkono wake, auache mkono juu. Wengine shusheni. Mnaona? Umebaki mmoja. Na nyinyi wengine mliondolewa kwa sababu ya nini? Matangazo. Nasikia mnasema wenyewe: matangazo.

Basi nilichokuja kusema leo ni hicho, na nitakirudia mpaka mchoke. Tangazo lililo ndani ya programu yako ni lako. Hukulitengeneza, ni lako. Hukulichagua, ni lako. Hujawahi hata kuliona kwa macho, bado ni lako. Sera ya Google Play haifichi jambo hili: matangazo yanahesabiwa kuwa sehemu ya programu, na yanapaswa kufuata kila sharti ambalo programu yenyewe inalifuata.

Ukimpangisha mtu baraza la duka lako pale Kikuubo, naye akaanza kuuza dawa bandia, siku askari wakija watafunga mlango wa nani? Utawaambia, "Afande, mimi nauza sukari tu." Watakusikiliza huku wanafunga kufuli.

Tuanze na mahali tangazo linapotokea, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mnapoangukia.

Tarehe 20 Februari 2020 Google walitangaza kwamba wameondoa programu karibu 600 kwa mpigo. Hawakuziondoa dukani tu. Waliwafungia wenye programu hizo AdMob na Google Ad Manager pia, mifumo ya Google inayoleta matangazo na kuyalipia, maana yake mkono unaoleta pesa ulikatwa siku hiyohiyo. Kosa lilikuwa nini? Matangazo ya usumbufu. Mtu anataka kupiga simu, tangazo linafunika skrini. Anafungua simu yake iliyokuwa imejifunga, tangazo. Yuko barabarani anafuata ramani, tangazo. Na programu yenye tangazo hilo hata hajaifungua! Imelala huko chini inafanya biashara usiku.

Baada ya hapo, tangu tarehe 30 Septemba 2022, sharti likakazwa. Nitalieleza kwa lugha yetu. Mtumiaji akibonyeza kitu ili afanye jambo lake, usimrukie na tangazo la skrini nzima katikati. Akianza hatua mpya ya mchezo, usimrukie. Akifungua makala, usimrukie. Programu ikiwa ndiyo kwanza inafunguka, hata nembo yako haijaonekana, usimrukie. Na tangazo la skrini nzima likishatokea, liwe linaweza kufungwa baada ya sekunde 15. Tangazo la zawadi ni habari nyingine, kwa sababu mtumiaji kalichagua mwenyewe: kaambiwa tazama hili upate lile, akakubali.

Mtasema haya ni masharti ya Wazungu. Ngojeni niwaeleze ya mama mmoja wa Kisenyi.

Mama huyu ananunua mahindi kwa gunia na kuyapeleka kwenye vinu. Alikuwa na programu ya bei za mazao, ya kijana wa hapahapa mjini, sitaitaja. Siku moja lori limesimama, dereva ana haraka, utingo ameshaanza kufungua turubai. Mama anatoa simu, itel yenye ufa kwenye pembe ya juu kulia. Anabonyeza "Bei ya leo". Inatokea video ya magari yanashindana, kelele mtaa mzima unasikia. Anatafuta pa kufungia. Ile alama ya kufunga iko wapi? Pembe ya juu kulia, chini ya ufa. Anagusa, haisikii. Anagusa tena, anakosea kidogo, anapelekwa Play Store kuombwa apakue mchezo wa magari. Anarudi nyuma. Programu inaona amerudi, inamwekea tangazo la pili. Dereva anamwambia, "Mama, unanunua au naondoka?" Akanunua kwa bei aliyotajiwa na dereva. Jioni alimwomba mwanawe aifute ile programu.

Sasa upande wa pili. Yule kijana mwenye programu, siku hiyo, aliona nini kwenye akaunti yake? Aliona mibofyo imepanda. Alifurahi! Kwake mama yule alikuwa mteja aliyependezwa na mchezo wa magari.

Na bado hatujahesabu bando. Tangu Julai 2021, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoondolewa, tunalipa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kwa hiyo mama yule alinunua MB zake, akazilipia ushuru, halafu wewe ukazitumia kumwonyesha video asiyoitaka. Banange! Ukiniuliza mimi, sharti la Septemba 2022 linamlinda mama wa Kisenyi kuliko linavyomlinda mtu wa California mwenye intaneti isiyokatika.

Dawa yake si ngumu. Mpe bei kwanza. Akishaisoma, akirudi kwenye orodha, hapo kazi yake imekatika kwa kawaida na tangazo lina nafasi. AdMob wenyewe wanataka tangazo la skrini nzima lisizidi moja kwa kila vitendo viwili vya mtumiaji, na kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma kunahesabiwa kuwa kitendo. Bango nalo, lile tangazo dogo la ukanda, lisigusane na vitufe. Nimeona programu ambayo bango liko katikati ya "Tuma" na "Futa". Huyo hatafuti watangazaji, anatafuta vidole vilivyoteleza. Na msiweke bango kwenye ukurasa usio na kitu, kama ule wa kuingiza nywila au ule wa kusema asante kwaheri.

Nimekaa sana hapo. Twende kwenye vifaa vyenyewe, yaani SDK, vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine.

Kila mtandao wa matangazo, yaani kampuni inayokuletea matangazo, unakupa SDK yake uiingize kwenye programu. Mistari miwili mitatu ya msimbo, pesa zinaanza kuingia. Je, umewahi kujiuliza ndani ya ile SDK mna nini? Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Lookout ilichunguza programu 238 zilizokuwa Play Store, zote za kampuni moja ya China iitwayo CooTek, iliyokuwa na kibodi maarufu ya TouchPal. Kwa jumla zilikuwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 440. Ndani mwake mlikuwa na programu-jalizi ya matangazo iitwayo BeiTaAd. Sikilizeni ujanja wake. Ukiipakua leo, huoni kitu. Unaijaribu, safi. Inakaa kimya saa 24, wakati mwingine mpaka wiki mbili, ndipo inaanza kumwaga matangazo hata simu ikiwa imelala. Watu walilalamika kwamba simu haishikiki. Nyingine zikaondolewa dukani, nyingine zikapewa toleo jipya lisilo na jalizi hiyo.

Kwa nini nawasimulia hili? Kwa sababu wengi wenu mnajaribu SDK mpya jioni moja, mkiona haina shida mnaipeleka dukani kesho yake. Jioni moja haitoshi. Iache kwenye simu ya kawaida, Tecno ya bei nafuu ya mtu asiyejua kompyuta, ikae nusu mwezi. Halafu kabla ya kuiingiza, itafute kwenye Google Play SDK Index: inakuonyesha SDK inaomba ruhusa zipi, na matoleo gani yana kasoro. Ni bure. Sijui kwa nini watu hawaiangalii.

SDK haionyeshi tu, inakusanya pia. Kila simu ya Android yenye huduma za Google ina kitambulisho cha matangazo, namba ambayo watangazaji humtambulia mtumiaji. Mtumiaji siku hizi anaweza kukifuta kabisa, na akikifuta, programu yako ikikiomba inapewa sifuri tupu, msururu wa sifuri na vistari. Kuna kijana aliyenionyesha sifuri hizo kwenye rekodi zake akidhani seva imeharibika. Nikamwambia seva ni nzima, mteja wako amekataa kufuatwa, na ni haki yake. Ukianza kumtambua kwa njia za mlango wa nyuma, kwa namba ya kifaa kwa mfano, umeshavunja sera.

Ile fomu ya usalama wa data kwenye Play Console, ukurasa wa Google wa wasanidi, iliyoanza kuwa ya lazima Julai 2022, mnaijazaje? Nijibuni kwa uaminifu. Wengi mnaweka "hatukusanyi data yoyote", kwa sababu nyinyi wenyewe hamkusanyi. Lakini SDK yako inakusanya! Kinachokusanywa na SDK unatakiwa ukitaje kana kwamba umekikusanya wewe. Tumerudi palepale: ni lako.

Nchini mwetu nako kuna sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na kanuni zake za 2021. Ofisi inayoisimamia, PDPO, iko chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Anayekusanya data binafsi anapaswa kujisajili huko. Mwaka 2025 ofisi hiyo iliamua kwamba hata Google ilipaswa kujisajili, ikaipa siku 30. Kama Google hawakuachwa, wewe wa ghorofa ya tatu Ntinda utaachwa? Kampuni ikipatikana na hatia, mahakama inaweza kuitoza faini inayofika asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka.

Hapa nina jambo ambalo sijasikia likizungumzwa, na ni letu kabisa. VPN, zile programu zinazoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Tulizizoea mwaka 2018 kwa kukwepa zile shilingi 200, na tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021 hatujaziacha. Sasa mtumiaji wako wa Wandegeya ana VPN iliyowekwa Uholanzi. Hajui hata Uholanzi iko wapi. Alibonyeza iliyokuwa na kasi. Programu yako ikiomba tangazo, mtandao wa matangazo unaona anwani ya Uholanzi. Na tangu Januari 2024 Google wanadai kwamba mtumiaji aliye Ulaya au Uingereza aonyeshwe fomu ya idhini, ya kukubali au kukataa data yake itumike kwa matangazo, kupitia mfumo waliouthibitisha. Kwa hiyo unapojiambia "sina wateja Ulaya, fomu ya idhini ya nini", jua kwamba mbele ya mashine unao, na wanakula rolex, chapati yetu ya mayai, pale kona. Iweke ile fomu. AdMob wanatoa chombo chake bure, na kitatokea tu pale kinapohitajika.

Apple nitawapita haraka, maana wateja wenu wengi hawatumii iPhone. Kuanzia iOS 14.5, Aprili 2021, ni lazima umwombe mtumiaji ruhusa kabla ya kumfuatilia kutoka programu moja hadi nyingine, na akikataa usimnyime huduma. Ada yao ni dola 99 kila mwaka, wakati Google ni dola 25 mara moja tu. Anayetaka zaidi tutaonana baadaye.

Sasa nakuja kwenye watoto na kubeti. Naviweka pamoja makusudi, kwa sababu hapa kwetu vinakutana kwenye simu moja. Simu ya baba ndiyo simu ya mtoto.

Unatengeneza programu ya kufundisha herufi. Nzuri, ina picha za twiga na nyimbo. Kwenye Play Console unaulizwa: walengwa ni wa umri gani? Ukijibu kwamba watoto wamo, basi kwa watoto hao unaruhusiwa kutumia tu zile SDK za matangazo zilizojithibitisha kwenye mpango wa Google wa programu za familia, na usikipeleke kitambulisho cha matangazo cha mtoto popote. Kuna wanaodanganya, wanajaza "miaka 18 na zaidi" ili matangazo yawe ya bei nzuri. Programu ina twiga anayeimba! Mkaguzi atakuamini? Marekani mwaka 2016 tume yao ya biashara, FTC, iliitoza kampuni ya matangazo ya InMobi dola 950,000 kwa kufuatilia mahali watu walipo bila idhini, watoto wakiwemo. Sheria yao inawalinda walio chini ya miaka 13. Sheria yetu ya 2019 inasema data ya mtoto isikusanywe bila idhini ya mzazi au mlezi, na mtoto kwetu ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hapa sheria ya Uganda ni kali kuliko ile mnayoisoma kwenye mafunzo ya mtandaoni.

Kwenye kubeti ni kali zaidi. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016 inasema umri wa kubeti ni miaka mingapi? Nani anajua? Nasikia 18. Hapana. Ni 25. Ishirini na tano! Google wanaruhusu matangazo ya kubeti kwenye baadhi ya programu kwa masharti, na moja la masharti hayo ni kufuata sheria ya nchi. Kwa hiyo ile 18 ya Google haikutoshi hapa.

Nina mifano miwili. Wa kwanza ni mfupi na unaniuma. Mzee mmoja Iganga, kwenye maziko, amesimama kuongoza dua. Amezoea kusomea kwenye simu kwa sababu herufi anazikuza. Anafungua ukurasa, na mbele ya wafiwa simu inapaza sauti: weka dau leo, ushinde kesho. Mzee hakujua kuizima. Mtu alimpokonya simu. Aliyetengeneza programu ile ni mcha Mungu, namfahamu, na tangazo lile hakuwahi kuliona. Lilipitia mtandao wa pili aliouunganisha ili bei ipande. Kwenye AdMob upo ukurasa wa kuzuia aina za matangazo. Mitandao mingine nayo ina wake, na kuufunga mmoja hakufungi mingine. Unazuia kwa kila mtandao, mmoja baada ya mwingine. Kama mtandao hauna mahali pa kuzuia kubeti, mimi nisingeuingiza kwenye programu ya dini hata kwa bei gani.

Wa pili ni mrefu kidogo, na ndugu zangu wa mpira mnisikilize. Mnajua Kampala Jumamosi jioni ilivyo; Arsenal ikifungwa, mtaa mzima unanyamaza. Kijana mmoja alitengeneza programu ya matokeo ya mpira. Matokeo, msimamo wa ligi, nani kaumia, basi. Ilikuwa nyepesi, ilifanya kazi hata kwenye simu ya zamani, watu wakaipenda. Ikaja kampuni ya kubeti. Wakamwambia hatuhitaji AdMob, tutakulipa moja kwa moja kila mwezi, wewe tuwekee bango letu chini ya kila mechi, tena bango liwe linaonyesha odi, yaani dau litalipa mara ngapi. Kampuni ina leseni halali. Kijana akauliza wakili, wakili akasema kwa sheria ya nchi hamna tatizo ukiweka onyo la umri. Akaweka.

Programu ikaondolewa. Akaja kwangu amekasirika: "Kaka, wana leseni! Nimeweka onyo! Mbona ile programu ya habari ina tangazo lilelile na haijaguswa?"

Nikamfungulia sera, tukasoma pamoja polepole. Matangazo ya kubeti yanaweza kuruhusiwa ndani ya programu isiyo ya kubeti, lakini programu yenyewe isiwe inatoa huduma inayomsaidia mtu kubeti. Na sera inataja mifano: kusaidia kuweka dau, kulipa, kufuatilia matokeo ya michezo, odi, au viwango vya timu. Matokeo ya michezo! Yaani programu ya habari au ya mapishi inaweza kupita, ila programu ya matokeo ya mpira, ambayo ndiyo kampuni za kubeti zinaitaka kuliko zote, ndiyo hasa isiyoweza. Mnaielewa mantiki? Anayetazama odi chini ya matokeo yuko hatua moja kutoka kwenye dau. Mtaani kwetu hilo halihitaji kuelezwa.

Alilia kidogo, akatoa bango, akarudishwa dukani. Pesa za kila mwezi zikaisha. Sitawadanganya kwamba alipata nyingine mahali pake; AdMob inamlipa sehemu ndogo ya zile. Siku hizi anauza toleo lisilo na matangazo. Wanunuzi ni wachache.

Nimalizie na mibofyo na malipo, kisha rufaa.

Wenye akaunti binafsi za Play zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, mnajua kwamba kabla ya kuitoa programu kwa umma mnahitaji wajaribio wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Kwa hiyo mnafanya nini? Mnaingia makundi ya WhatsApp: nijaribie yangu nami nikujaribie yako. Hapo sina neno. Shida ni upendo. Dada mmoja wa Mbale aliwapa wajaribio wake programu yenye matangazo halisi. Wenzake, kwa nia njema kabisa, wakabofya kila tangazo walilolikuta, asubuhi na jioni, "tumuinue dada yetu". Watu kumi na wawili, mibofyo mamia. Mashine za Google zikaona nini? Zikaona wizi. Akaunti ya AdMob ikafungwa kabla programu haijaanza safari, na pesa zikarudishwa kwa watangazaji.

Wakati wa majaribio tumieni vitambulisho vya matangazo ya majaribio ambavyo Google wenyewe wametoa, au sajilini simu za wajaribio kuwa vifaa vya majaribio. Usibofye tangazo lako. Mke wako asibofye. Usiandike ndani ya programu "bofya tangazo utusaidie". Na wale wenye wazo la "tazama matangazo upate muda wa maongezi", naliona kila mwezi, linakuja na jina jipya. Zawadi ya tangazo kwenye AdMob iwe ya ndani ya programu: uhai wa ziada kwenye mchezo, somo la ziada. Isiwe fedha, wala kitu kinachogeuzwa fedha kirahisi. Na muda wa maongezi hapa kwetu unageuzwa fedha kabla hujafika kona.

Malipo: ukifikisha dola 10, Google wanatuma PIN kwa posta kuthibitisha anwani. Kwa posta, ndiyo, karatasi kwenye bahasha. Nanyi mliandika anwani gani? Sanduku la posta la shule mliyomaliza zamani. PIN iko ofisini kwa mwalimu mkuu, chini ya barua za halmashauri! Miezi minne ikipita hujaiingiza, matangazo yanasimama. Kodini sanduku lenu, au ombeni la mtu mnayemuona kila wiki. Malipo yenyewe yanatoka ukifika dola 100.

Sasa rufaa. Nimesoma rufaa za watu wengi, na nyingi zinaanza hivi: "Mimi ni mwanafunzi kutoka Uganda, familia inanitegemea." Nawaelewa. Lakini anayeisoma anatafuta mambo matatu: kosa lilikuwa wapi, umebadilisha nini, na mabadiliko yako yamo kwenye toleo namba ngapi. Andika hayo. Mistari sita inatosha. Taja SDK kwa jina, sema umeiondoa, taja toleo.

Na jambo linalowakamata hata wakongwe: umetengeneza toleo jipya safi, umelipeleka, bado unaambiwa sera imevunjwa. Kwa nini? Kwa sababu toleo la zamani lenye ile SDK mbovu bado limelala kwenye njia ya majaribio, ulilisahau tangu mwaka jana. Google wanaangalia njia zote: ya majaribio ya ndani, ya majaribio ya kufungwa, ya wazi, na ya umma. Pitieni zote, mweke toleo safi kila mahali.

Msifungue akaunti ya pili kwa kitambulisho cha binamu. Wanaziunganisha, na binamu naye anafungiwa, halafu kesi inakuwa ya ukoo.

Nitakuwa hapa mpaka saa kumi. Mwenye programu iliyoondolewa aje na ile barua pepe yenyewe kwenye simu, siyo picha ya nusu yake, na aje na orodha ya SDK zake zote. Tutaanza na yule dada wa safu ya kushoto, aliinua mkono kabla sijamaliza swali. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.